Mtoto alilia kisu, nikaenda kuuliza Garissa

Ikiwa wewe ni mkazi wa Nairobi, Nakuru ama Mombasa, bila shaka neno kisu likitajwa unafikiria mambo mawili tu. La kwanza ni kile kinachokaa kwenye droo ya jikoni, na mara nyingi ni butu hata nyanya inakishinda. La pili ni kile ambacho mhuni hukichomoa usiku kwenye kichochoro akitaka simu yako. Mjini hatuna kisu cha tatu.

Lakini safiri takriban kilomita 370 kutoka Nairobi, upite Thika, Mwingi na Madogo, uvuke daraja la mto Tana uingie mjini Garissa. Huko utakipata hicho cha tatu. Ni kisu kidogo cha kukunja, kinachokaa mfukoni pamoja na funguo na tasbihi, na kikitolewa hadharani hakuna anayeshtuka. Mwenye duka hukatia kamba ya gunia la sukari. Mfugaji huchongea mswaki. Mama anayeuza matikitimaji ya mashamba ya kando ya Tana hukupasulia kipande uonje kabla ya kununua.

Nisingeandika habari za kisu kama si mwanangu wa kwanza, ambaye ana umri wa miaka 10. Likizo ya Agosti tulikwenda Garissa, ambako mume wangu anafundisha. Jioni moja, pembeni mwa mji, alikutana na mvulana wa rika lake akichunga mbuzi wa babake. Yule mvulana alitoa kisu mfukoni, akakata kijiti cha mti wa mswaki, akakigawa mara mbili, akampa mwenzake nusu. Watoto hawakuwa na lugha moja ya kuelewana vyema, lakini walikaa chini wakasugua meno mpaka jua likazama. Usiku ule mwanangu akasema, "Mama, nataka kisu."

Mume wangu alikataa katakata. Usimwone mkali bure. Mwaka uliopita kijana mmoja wa mtaa wetu huko Nairobi alidungwa kisu kwenye ugomvi wa mpira wa miguu. Hakufa, lakini mpaka leo mkono wake wa kushoto haukunji ngumi. Kijana aliyemdunga alikuwa na miaka 14, na kisu chenyewe kilikuwa cha kukunja. Baba wa mtoto akikumbuka hayo, utamwambia nini? Wahenga walisema mtoto akililia wembe mpe, nami kwa miaka mingi nimeona methali hiyo imekaa kikatili kidogo. Umpe akatike ndipo ajifunze? Na akimkata mwenzake?

Basi nikaenda kwa mzee mmoja mfugaji, jirani yetu, ambaye watoto wote wa mtaa humwita Abti, yaani mjomba. Amefuga ngamia tangu utotoni na amelea wavulana wengi. Nilimuuliza mtoto apewe kisu akiwa na umri gani. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa mtoto apewe viatu akiwa na umri gani.

"Abaayo," akasema, "si umri. Tazama kama anaweza kukaa."

Kukaa? Naam, kukaa. Alinieleza kwamba mtoto asiyeweza kutulia kitako kwa muda wa kuchonga kijiti kimoja hajafikia kushika kisu, hata awe na miaka 15. Na anayeweza kutulia, hata ana miaka minane, afundishwe. Kila kazi ya kisu kwa mtoto hufanywa akiwa ameketi. Kabla ya kukikunjua ananyoosha mkono na kuuzungusha pande zote. Ukimgusa mtu, asogee yeye au asogee mwenzake. Makali yaelekee nje, mbali na kifua na paja. Kisu hakikunjuliwi mtu akitembea, sembuse akikimbia. Ukimpa mtu, mpe upande wa kipini, na bora zaidi kikunje kwanza. Na kikikuponyoka, kiache kianguke. Hili la mwisho Abti alilirudia mara tatu, kwa sababu mkono wa binadamu una tabia ya kudaka kinachoanguka, na vidole vingi vimekatika kwa tabia hiyo.

Siku iliyofuata alinisindikiza Soko Mugdi kutafuta kisu. (Mugdi kwa Kisomali ni giza. Nilimtania kwamba tunakwenda kununua kisu gizani, naye akanijibu kwamba ndiyo maana amekuja na miwani.)

Nimeona watu wakichagua kisu kwa rangi ya kipini. Abti hakutazama rangi. Alikikunjua akashika ubapa wake kwa vidole viwili na kuutikisa kushoto na kulia. Ukicheza pale kwenye msumari wa maungio, kisu hicho hakifai, maana siku ukikaza mkono kitakugeukia. Kisha alikikunja polepole akatazama kama ubapa unaingia katikati ya mfereji wa kipini au unakwaruza upande mmoja. Halafu, kwa vile kilikuwa na komeo la kuzuia kisijifunge, alikikunjua, akashika kipini vizuri, akagonga mgongo wa ubapa polepole kwenye ubao wa meza. Komeo likaachia. Alikirudisha bila kusema neno. Cha pili, vilevile. Cha nne ndicho kilichoshika.

Urefu nao una maana. Ubapa usiozidi upana wa kiganja cha mtu mzima, yaani sentimita saba hivi, unatosha kazi zote za mfukoni. Mrefu kuliko huo utaleta maswali barabarani, na kwa mtoto hauna kazi yoyote ya maana. Kadhalika epuka kisu chenye vikorokoro 20, mkasi, bisibisi, kizibuo, na kila kimoja kimetengenezwa kwa bati. Ukitaka vikorokoro, nunua kilichotengenezwa kwa uangalifu au usinunue.

Kisu maarufu cha aina hiyo ni kile cha Waswisi. Karl Elsener alifungua karakana yake katika kijiji cha Ibach mwaka 1884, na mwaka 1891 alianza kuwapelekea wanajeshi wa nchi yake visu vyenye bisibisi na kifungulio cha kopo. Kampuni hiyo ndiyo Victorinox ya leo. Victoria lilikuwa jina la mamake Elsener. Wafaransa nao wana Opinel, chenye kipini cha mti, ambacho Joseph Opinel alianza kukitengeneza mwaka 1890. Pete yake ya kuzuia ubapa usijifunge iliongezwa mwaka 1955. Lakini kinachonivutia zaidi mimi ni Okapi. Kilianza kutengenezwa mwaka 1902 huko Solingen, Ujerumani, kwa ajili ya kuuzwa katika makoloni ya Wajerumani barani Afrika, na kikapewa jina la mnyama wa misitu ya Kongo ambaye wataalamu wa Ulaya walikuwa ndiyo kwanza wamtambue mwaka 1901. Kipini cha mbao, nyota na miezi michanga iliyonakshiwa juu yake, na pete ya kuvuta unapotaka kukikunja. Miaka ya 1980 utengenezaji ukahamia Afrika Kusini. Kwa hiyo kisu kilichobuniwa kwa ajili ya Mwafrika na watu wasiokuwa Waafrika kiliishia kufuliwa Afrika.

Si kwamba Wasomali walingoja Wajerumani. Zamani mwanamume alifunga kiunoni kisu kikubwa cha ala kiitwacho toorey, kilichofuliwa na mafundi chuma wa Kitumal. Jambo la kusikitisha ni kwamba mafundi hao walidharauliwa na kunyimwa wake na koo nyingine, ilhali hakuna ukoo ulioweza kuchinja mbuzi bila kazi ya mikono yao.

Ukisimama dukani utaulizwa pia kuhusu chuma. Kuna chuma kisichoshika kutu, kinachong'aa, na kuna chuma cha kaboni ambacho hubadilika rangi kikawa cheusi ukikatia embe au ndimu. Wengi hukimbilia kinachong'aa. Mimi ningekushauri hivi: ikiwa unaishi Mombasa au Lamu, ambako hewa ya chumvi hula kila kitu, chukua kisichoshika kutu. Ikiwa unaishi bara, chuma cha kaboni hunoleka upesi na hushika makali, na ule weusi haudhuru kitu. Vile vya bei ya chini kabisa vinavyong'aa kama kioo huwa laini mno. Unavinoa asubuhi, adhuhuri vimekuwa kijiko.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo hasa lilinifanya niandike, nalo ni damu.

Pengine unadhani mfugaji huchinja kwa kisu hichohicho cha mfukoni. La hasha! Abti ana kisu kingine nyumbani, kirefu, kisichokunjwa, kilichofungwa kitambaa, na hicho hakikati kitu kingine. Sababu ya kwanza ni ya dini. Mafundisho ya Kiislamu yanataka kisu kinolewe sawasawa kabla, mnyama asikione kikinolewa, na asichinjwe mbele ya mwenzake, ili asiteseke. Kisu kidogo chenye ubapa mfupi kitamtesa. Sababu ya pili ni ya afya, na hii inamhusu hata asiyefuga kuku. Kisu cha kukunja kina mfereji ndani ya kipini. Damu na mafuta vikiingia humo havitoki kwa kufuta na kitambaa. Kesho unamenyea mtoto chungwa kwa kisu hicho.

Watu wa Garissa wana kumbukumbu chungu ya mambo haya. Baada ya mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998, Tana ilifurika, mbu wakazaana, na homa ya Bonde la Ufa ikaua mifugo na watu. Ilirudi mwishoni mwa mwaka 2006, baada ya mafuriko mengine, na wagonjwa wa kwanza nchini walitoka Garissa. Hadi ilipozimwa mwaka 2007 ilikuwa imeua zaidi ya watu 150 humu nchini. Uchinjaji ulipigwa marufuku, soko la mifugo likafungwa, na familia ambazo utajiri wao wote una miguu minne zikakaa bila shilingi. Ugonjwa huo huenezwa na mbu, lakini pia humpata mtu anayegusa damu ya mnyama mgonjwa: anayemchinja, anayemchuna, anayemsaidia kuzaa. Mnyama akionekana anakufa, desturi ya mtu mwenye njaa ni kumwahi kwa kisu kabla hajawa mzoga. Kisu kile kilichookoa nyama ndicho kilichopeleka ugonjwa nyumbani.

Abti alimzika nduguye msimu ule wa 2006. Aliniambia hayo akiwa anakunja kisu chake, na hakuongeza neno, nami sikumwuliza zaidi.

Kwa hiyo, msomaji, ukienda kijijini Krismasi au Idi, ukaona mbuzi amekufa ghafla, usiruhusu kisu chochote kimguse, hata kama mjomba anasema nyama ni nzuri. Huenda ni kimeta, ambacho vijidudu vyake huweza kukaa udongoni miaka na miaka baada ya mzoga kupasuliwa. Mwite daktari wa mifugo. Na kisu kilichokata nyama mbichi ya mnyama mzima kioshwe kwa maji ya moto na sabuni, kikiwa kimekunjuliwa, kabla ya kurudi mfukoni.

Tukiacha hayo, utunzaji wenyewe ni kazi nyepesi. Adui mkubwa wa kisu huko Garissa ni mchanga. Unaingia kwenye maungio, na kila ukikikunja unasaga chuma. Kipulize, kisha sugua ndani ya mfereji kwa mswaki wa zamani. Abti hutumia kijiti kilekile cha mswaki kilichokwisha kuchakaa, nami nimejaribu, kinafaa kuliko wa plastiki. Suuza kwa maji ya vuguvugu, kianike juani kikiwa wazi hadi kikauke kabisa, halafu dondosha tone moja la mafuta ya cherehani pale penye msumari. Tone moja, si mawili. Abti yeye hupaka mafuta ya nundu ya ngamia, na kwa hili sikubaliani naye. Kwenye ubapa ni sawa, yanazuia kutu. Kwenye maungio yanashika mchanga kama asali inavyoshika nzi, na baada ya wiki mbili kuna harufu.

Kunoa ndiko kunakoshinda watu wa mjini. Wengine humngoja yule fundi anayepita mtaani na baiskeli yenye gurudumu la kunolea. Sina ubaya naye, na panga lako mpe. Lakini ubapa mwembamba wa kisu cha mfukoni ukisagwa na gurudumu la kasi huchemka, na chuma kilichochemka hadi kubadilika rangi ya samawati hakishiki makali tena.

Nunua jiwe la kunolea lenye nyuso mbili, mmoja wa kukwaruza na mwingine laini. Liloweshe. Simamisha ubapa wima juu ya jiwe, hiyo ni nyuzi 90. Ulaze nusu, zinakuwa 45. Ulaze nusu tena, unapata kama 22. Hapo ndipo mahali pake. Sukuma kana kwamba unataka kumenya ganda jembamba la jiwe, mara kumi upande huu, mara kumi upande wa pili, bila kubadilisha pembe na bila kutumia nguvu. Ukipapasa polepole upande wa pili, kutoka mgongoni kuelekea nje, utahisi chuma kimejikunja kidogo sana kwenye ukingo. Ni dalili njema. Hamia kwenye uso laini ukiondoe, kisha malizia kwa kuvuta ubapa kinyumenyume kwenye upande wa ndani wa mshipi wa ngozi. Usipokuwa na jiwe, pindua kikombe cha udongo: ile duara ya chini ambayo haikupakwa rangi ya kung'aa hunoa vizuri ajabu. Ukitaka kuhakikisha, kata ukurasa wa gazeti hili, lakini baada ya kulisoma tafadhali. Ukikatika bila kuraruka, umefaulu.

Na usidhani kisu butu ni salama zaidi kwa mtoto. Kisu butu hulazimisha mkono kukaza, na mkono uliokaza ndio unaoteleza. Akikatika, bana kidonda kwa kitambaa safi mpaka damu iache, kioshe kwa maji safi na sabuni, na uulize zahanati kama chanjo yake ya pepopunda haijapitwa na wakati. Majani ya chai na mafuta ya taa yabaki jikoni.

Kuna suala la sheria, nalo si dogo katika pande zile. Kanuni ya Adhabu, yaani Sura ya 63 ya sheria za Kenya, haisemi kwamba kisu cha kukunja ni haramu. Inachotazama kifungu cha 308 ni mazingira: ukipatikana na silaha ya hatari katika hali inayoonyesha ulikuwa na nia ya kutenda uhalifu, kifungo chake hakipungui miaka saba. Nia haionekani kwa macho, na askari wa usiku hana muda wa kukusomea moyo. Kaskazini Mashariki ilitawaliwa kwa sheria za hali ya hatari tangu mwisho wa 1963 hadi 1991, na baada ya wanafunzi na wengine, jumla watu 148, kuuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa tarehe 2 Aprili 2015, upekuzi umekuwa sehemu ya safari. Abiria huteremka, huonyesha vitambulisho, mikoba hufunguliwa.

Kisu changu mwenyewe kilikwenda hivyo. Kilikuwa kwenye mkoba pamoja na maembe sita na kitambaa cha kufutia mikono. Askari mmoja kwenye kizuizi cha barabarani alikitazama, akakikunjua, akakikunja, akakitia mfukoni mwake. Risiti sikupewa. Maembe aliniachia. Nikiwaza sana naona kwamba bila shaka alijua kuchagua, kwa maana hata yeye alikitikisa kwanza.

Kwa hiyo ukisafiri, kiweke ndani kabisa ya begi la nguo pamoja na vifaa vya jikoni, si mfukoni. Ukipanda ndege ya Wajir au Mandera, kiende kwenye mzigo wa chini, maana tangu Septemba 2001 hakuna rubani atakayekuchekea. Kisiingie kwenye mkutano wa hadhara, uwanja wa mpira, wala baa. Na enyi wanafunzi mnaosoma ukurasa huu: kisu hakiendi shuleni, hata cha kuchongea penseli. Mwalimu hatakuuliza ulitaka kuchonga nini.

Mimi na mume wangu tulibishana juma zima. Hoja yake ilikuwa kwamba Garissa mtoto yuko na mbuzi, hapa Nairobi yuko na nani? Na hoja hiyo ina uzito; yule mvulana mchungaji ana kazi kumi za kufanya kwa kisu kila siku, na mtoto wetu hana hata moja. Tukakubaliana tumpe kazi kwanza. Kile kisu cha nne cha Soko Mugdi kipo, lakini kinakaa kwenye kabati letu, ufunguo ninao mimi. Jumamosi baada ya chakula cha mchana hukitoa, mwana huketi kwenye kigoda, hunyoosha mkono na kuuzungusha, babake akiwa amesimama mlangoni na kujifanya anasoma gazeti. Kwa sasa ameruhusiwa kumenya embe. Tikitimaji bado.